Pete Mbili za Pampu ya Korona

Nilipoanza kazi ya kutunza stoo katika shamba la mkonge karibu na Korogwe, mtu wa kwanza kunifokea alikuwa fundi wa pampu. Alikuwa ameagiza pakingi, ile kamba nene yenye grisi inayozungushiwa shafti, ule mhimili unaozunguka ndani ya pampu, ili maji yasitoke ovyo. Nikampelekea. Akaishika, akaiviringisha kati ya vidole viwili, akanirudishia.

"Hii ni kamba ya kufungia mbuzi, binti. Nimetaka ya nusu inchi."

Karatasi iliyobandikwa kwenye boksi ilisema nusu inchi. Nilirudi stoo nikiwa nimevimba kwa hasira, nikachukua rula ili nije kumwonyesha. Nikapima. Kamba ilikuwa nyembamba, na karatasi ndiyo iliyokosea. Tangu siku hiyo nilimwamkia kwa adabu zaidi kuliko nilivyomwamkia meneja.

Alikuwa Mzigua wa Kang'ata, upande wa Handeni, mtu mrefu mkavu mwenye kofia ya kitani iliyokuwa nyeupe asubuhi na ya kijani jioni. Kazi yake ilikuwa kutunza pampu ya maji machafu ya korona. Korona ndicho kiwanda kinachoparua majani ya mkonge na kuacha singa tupu, yaani nyuzi zake, na huko hutumika maji mengi sana. Yanaingia safi, yanatoka ya kijani, mazito, yenye makapi na harufu ya kuchacha. Yakikugusa ngozi, unajikuna mpaka unatafuta ukuta wa kujisugulia. Pampu ndiyo iliyoyasukuma maji yale kuyapandisha kilimani, kwenye mashimo ya kuyatuamisha. Bila pampu yangeteremkia kijitoni, na kijito kilinywewa na kambi mbili za wafanyakazi chini yetu.

Tatizo la pakingi ni kwamba lazima idondoshe. Ukiikaza mpaka ikauke, inaungua na kuila shafti. Kwa hiyo fundi wetu alikaa miaka yote ndani ya shimo la pampu akidondoshewa maji yale mikononi, shingoni, hata masikioni. Alijikuna wakati anakula. Alijikuna wakati anaongea na wakubwa.

"Mke wangu amekataa kuhamia huku," aliniambia siku moja. "Anasema anaogopa kulala na mtu anayejikuna kama mbwa wa sokoni. Basi yeye yuko Kang'ata na mahindi yake, na mimi niko hapa na pampu yangu."

Alisema hivyo akicheka, lakini kila mwisho wa mwezi alipanda lori la Handeni na vifurushi viwili vya sukari kwenye kikapu, na aliporudi alikuwa hasemi na mtu siku nzima.

Mimi nilikuwa nimemaliza darasa la nane huko milimani Usambara, nikateremka kukaa na shangazi yangu mtaa wa Masuguru, pale Korogwe. Shangazi alikuwa mjane, fundi cherehani, na alinipokea kwa sababu alihitaji zaidi mtu wa kuongea naye kuliko alivyohitaji mtu wa kumsaidia. Fundi alipojua kwamba mimi ni Msambaa, utani ulianza. Alisema sisi tumezoea baridi, jua la Korogwe litanikausha nibaki singa. Nikamwambia Wazigua wanaishi porini na simba hadi simba wanawaamkia shikamoo. Akafurahi sana kwa jibu hilo, akaenda kulirudia kwa watu wa karakana kana kwamba amelitunga yeye.

Shamba likawa la serikali baada ya Azimio la Arusha. Meneja mzungu akaondoka, akaja kijana wetu aliyesoma, mwenye suruali zilizopigwa pasi vizuri na wasiwasi mwingi. Muda si mrefu ikaletwa pampu mpya kutoka ng'ambo. Ilikuja ndani ya sanduku la mbao lililojaa nyuzi za mbao laini, na mafundi wote wakaja kuitazama kama watu wanaotazama mtoto mchanga.

Pampu hiyo haikuwa na pakingi. Ilikuwa na sili.

Alikuja mwelekezi kutoka Tanga, akakaa siku mbili. Alituonyesha kwamba sili ni pete mbili zinazotazamana. Moja, nyeusi kama mkaa, inavaliwa na shafti na kuzunguka nayo. Ya pili, nyeupe kama kikombe cha kaure, inakaa kwenye kifuniko cha pampu bila kusogea. Springi inaisukuma nyeusi iilalie nyeupe, na nyuso zao zimesuguliwa zikanyooka kiasi kwamba maji hayapati pa kupita. Alizilowesha, akazikutanisha, kisha akainua ile ya juu. Ya chini ikaja nayo, imeng'ang'ania bila gundi wala kitu.

"Ukiona zimeshikana hivi, ujue ni nzima," alisema. "Na usiziguse usoni kwa kidole. Jasho la mkono wako ni uchafu. Punje moja tu ya mchanga ikiingia katikati, umekwisha."

Fundi alisikiliza amekunja mikono.

"Na inadondosha matone mangapi?"

"Haidondoshi, mzee."

"Haidondoshi kabisa?"

"Kabisa."

Fundi akatikisa kichwa. "Pampu isiyodondosha inaficha kitu," akasema, akatoka kwenda kusali adhuhuri.

Mwelekezi aliacha kitabu cha Kiingereza. Meneja hakuwa na nafasi ya kukisoma, na fundi hakukijua Kiingereza, kwa hiyo kikaja stoo kwangu. Nilikuwa nakisoma mchana kazi ikipungua, na kamusi ya shule pembeni, kisha nampelekea fundi maneno kwa Kiswahili. Tulikaa juu ya ukingo wa shimo, yeye amening'iniza miguu. Shafti isafishwe, isiwe na ncha wala mkwaruzo. Mpira wa duara, ule unaoibana pete nyeusi kwenye shafti, upakwe maji ya sabuni, usipakwe grisi, maana grisi inauvimbisha. Pete isukumwe ikiwa imenyooka, isiingie upande. Pampu isiwashwe mpaka ijae maji na hewa yote itoke, kwa sababu nyuso zile zinapozwa na maji, na zikizunguka kavu kwa dakika chache tu zinaungua.

"Soma tena hapo pa sabuni," alikuwa akisema. Alikuwa anahifadhi kila kitu kichwani kama mtu anayehifadhi sura za Kurani. Wiki ya pili alikuwa ananisahihisha mimi.

Sili ya kwanza, iliyofungwa na mwelekezi mwenyewe, ilikaa miezi mingi bila tone. Fundi alibadilika. Kofia yake ikawa inarudi nyumbani ikiwa nyeupe. Ngozi ya mikono yake, iliyokuwa imepasuka kama tope la kiangazi, ikaanza kufunga. Safari moja alirudi kutoka Kang'ata akiwa anapiga mluzi, na alipopita dirishani pa stoo akaniambia, "Mke wangu amenuka shati langu, akauliza kama nimefukuzwa kazi."

Kisha sili ile ikachakaa, na hapo ndipo mambo yalipoanza kwenda kombo.

Stoo nilikuwa na tatu za akiba. Fundi akaja kuchukua moja, akaifunga, pampu ikawashwa. Siku ya pili ikaanza kuvuja. Akaja kuchukua ya pili. Hiyo haikumaliza hata siku. Maji yakatoka kando ya shafti kama mkojo wa ng'ombe, korona ikasimamishwa, meneja akaja shimoni na suruali yake ya pasi.

"Mzee, hizi si pakingi. Hizi tunaziagiza ng'ambo, na kibali cha kuagiza kinapita ofisi nne. Imebaki moja. Ikiharibika hiyo, sijui nitasema nini huko juu."

"Labda zimetengenezwa vibaya," fundi alisema.

"Zote mbili?"

Fundi akainama kuifungua ile sili. Meneja alipoondoka, alipanda kutoka shimoni akaja stoo, akaweka sili iliyoharibika mezani kwangu. Akauchukua ule mpira wa duara, akaunyoosha mbele ya uso wangu.

"Tazama mwenyewe. Mzima kabisa. Hauna hata mkwaruzo."

Mpira ulikuwa umekatwa. Ulikuwa na mkato mfupi uliokwenda mshazari, kama mtu aliyeupitishia wembe, na mimi niliuona nikiwa upande wa pili wa meza. Nikauangalia ule mkato, nikamwangalia yeye. Alikuwa ameushika mbali, mkono wote umenyooka, amefinya macho.

Nikaelewa. Nikakumbuka pakingi yangu ya siku ya kwanza, kwamba aliipima kwa vidole. Miaka yote alikuwa anafanya kazi kwa mikono, na pakingi ni kazi ya mikono: unasikia inavyokaa, unasikia inavyokaza. Lakini sili inapita juu ya ncha ndogo ya chuma kwenye shafti, pale panapokatwa njia ya kabari, ule mfereji mwembamba, na ncha ile haisikiki kwa vidole vigumu kama vyake. Lazima uione. Yeye alikuwa anauvuta mpira juu ya ncha ile na kuukata kila mara, bila kujua.

Sikumwambia. Nilisema tu, "Niachie, mzee, nitaiandika kwenye kitabu cha stoo," naye akaondoka.

Nyumbani sikula vizuri. Shangazi akaniuliza nina nini, nikamsimulia. Alikuwa ameketi kwenye cherehani yake, na katikati ya hadithi yangu akaninyooshea sindano na uzi bila hata kugeuka, nami nikautunga uzi, nikamrudishia. Ilikuwa desturi yetu. Nilikuwa nimemtungia uzi mara elfu.

"Wewe unadhani ataona haya kwa sababu haoni?" shangazi akasema. "Ataona haya ukimwambia mbele ya watu. Mwambie kama unavyoniambia mimi."

"Sijawahi kukuambia kitu kuhusu macho yako."

"Ndivyo hivyo."

Asubuhi nilimkuta fundi amekaa peke yake kwenye ukingo wa shimo. Korona ilikuwa kimya, na ukimya wa korona ni mzito. Mtu anasikia ndege ambao siku zote wapo lakini hawasikiki. Nikamwamkia, nikakaa.

"Mzee, nina shangazi yangu huko Masuguru. Hakuna anayemshinda kwa kushona magauni. Lakini siku hizi hawezi kutunga uzi. Mimi ndiye ninayemtungia."

Fundi akainua kichwa. Alikuwa anatazama kilimani, mbali, ambako bila shaka aliona kila kitu.

"Ana umri gani huyo shangazi yako?"

"Amepita hamsini."

"Na watu wanajua kwamba anatungiwa uzi?"

"Wanaovaa magauni yake hawajui. Wala hawaulizi."

Akacheka kidogo, puani. Kisha akasema, kwa sauti ya chini, "Mpira ulikatika, siyo?"

"Ulikatika, mzee. Kwenye ncha ya njia ya kabari."

"Nilijua kuna kitu. Nilipousukuma niliusikia ukikwama, halafu ukalegea." Akavua kofia, akaikunja magotini. "Nilidhani wakijua watanitoa. Shamba hili sasa lina vijana waliosoma. Fundi asiyeona ni wa nini?"

"Wa kunifundisha mimi," nikasema. Ilinitoka tu. Sikuwa nimepanga kusema hivyo, na mara tu baada ya kusema nikaogopa.

Tuliifunga sili ya mwisho siku hiyohiyo, mimi na yeye. Nilifunga kanga kiunoni juu ya gauni, nikateremka ndani ya shimo mara ya kwanza katika maisha yangu. Yeye aliketi kwenye ndoo iliyopinduliwa, nyuma yangu kidogo. Kwanza alinipa tupa ndogo na msasa, akanifanya niilainishe ile ncha ya chuma mpaka nikaona haing'ai tena. Kisha nikakata kipande cha nailoni cha mfuko wa mbolea, nikakizungusha kwenye shafti kufunika njia ya kabari, ili mpira upite juu yake kwa kuteleza. Hilo lilikuwa wazo lake. Halikuwemo kitabuni.

"Nawa mikono tena," akasema.

"Nimenawa."

"Nawa tena. Ninyi Wasambaa mnaogopa maji kwa sababu ya baridi."

Nikanawa tena. Nikatoa pete nyeupe kwenye karatasi yake, nimeishika kingoni, nikaisukuma kwenye kifuniko kwa kitambaa safi.

"Imekaa?"

"Nadhani imekaa."

"Usidhani. Zungusha jicho kote. Nafasi ya juu ni sawa na ya chini?"

Nikainama, nikatazama. Upande wa kushoto ulikuwa umebaki nje kidogo sana, kama unene wa ukucha. Nikasukuma kwa kidole gumba juu ya kitambaa mpaka nikasikia ikikaa, sauti ndogo ya kitu kinachofika mahali pake. Naye aliisikia.

"Hiyo ndiyo," akasema.

Pete nyeusi ilipita juu ya nailoni kwa maji ya sabuni bila kukwama. Nikaivuta nailoni taratibu. Tukafunga kifuniko, tukaijaza pampu maji, tukafungua kizibo cha hewa mpaka mapovu yakaisha. Ilipowashwa, tulikaa pale tukisubiri. Fundi aliweka kiganja chake chini ya shafti, akakiacha hapo kama mtu anayekinga mvua. Alikaa hivyo muda mrefu. Kisha akakifuta kiganja kikavu kwenye shavu langu.

"Unaona? Hata jasho hakuna."

Baada ya hapo nilikuwa mtunza stoo kwa nusu ya siku na fundi kwa nusu nyingine, ingawa hakuna aliyeandika hivyo popote. Meneja aliuliza mara moja kwa nini mtunza stoo ananuka mkonge. Fundi akamwambia, "Anajifunza vipuri, bwana, ili asitupatie visivyofaa." Meneja akaridhika.

Ndipo ikaja operesheni ya vijiji. Habari zilifika kwamba watu wa upande wa Kang'ata waliokuwa wakiishi mbalimbali mashambani wanatakiwa wakae pamoja kijijini, kwenye viwanja vilivyopimwa, na mke wa fundi alikuwa mmoja wao. Fundi akaomba ruhusa aende kumjengea. Alinikabidhi bisibisi yake ndefu yenye mpini wa mbao, akaniambia pampu iko mikononi mwangu, na akaondoka na lori.

Sijui kama ilipita wiki mbili. Kulikuwa na mkutano wa tawi la chama mchana mmoja, na mwendesha pampu wa zamu akaenda kusikiliza akiacha pampu inazunguka. Makapi yakaziba chujio la kuingizia maji. Pampu ikazunguka kavu. Mimi nilikuwa stoo nikihesabu misumari niliposikia mlio, mlio mwembamba wa kupasua masikio, kama nguruwe anayechinjwa. Nilikimbia nikiwa sijavaa viatu. Nilipofika na kuzima, kulikuwa na harufu ya mpira ulioungua, na maji ya kijani yameanza kutoka kwenye shafti.

Stoo hakukuwa na sili nyingine. Tulikuwa tumeagiza, na barua ilikuwa imekaa katika moja ya zile ofisi nne. Majani yaliyokwisha kukatwa yalikuwa yamelundikwa mbele ya korona, na mkonge uliokatwa hausubiri. Ukikauka, singa zinaharibika. Meneja akaamua korona iendelee, maji yaende kijitoni kwa siku chache. Kesho yake asubuhi wanawake wa kambi ya chini walikuja na madebe matupu. Hawakupiga kelele. Waliyapanga madebe yao barazani pa ofisi, wakaketi. Mmoja wao alikuwa na mtoto mgongoni, miguu ya mtoto imejaa vipele vya muwasho. Meneja akatoka nje, akamtazama mtoto yule, akarudi ndani. Kisha akasimamisha korona.

Akaniita. "Kuna namna yoyote?"

"Naomba siku moja," nikasema.

Nilikuwa nimeifungua sili tayari. Pete nyeupe, kwa bahati, ilikuwa nzima, imepakwa tu weusi uliofutika. Mpira wa akiba nilikuwa nao kutoka kwenye sili ya kwanza, ambao haukukatika, ingawa pete nyeusi za sili za zamani zilikuwa zimechimbika kupita kiasi. Lakini pete nyeusi ilikuwa na mikwaruzo ya duara usoni, kama sahani ya santuri. Ilibidi isuguliwe mpaka inyooke, na kitu pekee kilichonyooka nilichokijua Korogwe nzima kilikuwa kioo cha shangazi, kile kikubwa alichowawekea wateja wake wajitazame.

"Kioo changu?" shangazi akasema. "Cha kusugulia uchafu wa korona?"

"Nitakuwa mwangalifu, shangazi."

"Na kikikwaruzika? Wateja wajitazame kwenye ndoo?"

Lakini alikuwa ameanza kukitoa ukutani mwenyewe. Jirani yetu alikuwa askari polisi, naye akanipa kopo lake la dawa ya kung'arishia vifungo. Nilikilaza kioo juu ya meza, nikatia matone ya dawa, nikaiweka pete kifudifudi, nikaanza kusugua kwa kuandika namba nane. Nane, nane, nane, huku naigeuza pete kidogo kila mara ili isiliwe upande mmoja. Sikukandamiza. Fundi angekuwepo angesema nisikandamize. Shangazi alikaa pembeni akinisimulia habari za harusi ya mtu ambaye simjui, na nadhani alifanya hivyo makusudi ili nisiharakishe. Mpaka alasiri mabega yaliniuma kama nimetwanga gunia zima.

Nikaiosha pete kwa sabuni, nikaiosha ile nyeupe, nikazilowesha maji, nikazikutanisha. Nikainua ya juu.

Ya chini ikaanguka mezani.

Nililia kidogo, sitasema uongo. Shangazi akachukua pete nyeusi, akaishika mbali na macho yake, akanirudishia. "Mimi sioni kitu. Wewe unaona nini?"

Nikaitazama kwenye mwanga wa dirisha. Kulikuwa na sehemu moja, kama kipande cha mwezi mwandamo, ambayo bado haijaguswa na dawa. Nikarudi kwenye kioo. Safari ya pili zilishikana. Nikaziinua pamoja hewani, nikamwonyesha shangazi, akapiga vigelegele vya mtu mmoja hadi jirani askari akachungulia dirishani.

Nilifunga sili asubuhi, peke yangu, na wale wanawake wa madebe wamesimama ukingoni mwa shimo. Meneja alikuja naye akasimama. Nikajaza pampu, nikatoa hewa. Ilipowashwa ikadondosha. Tone, tone, tone. Nikahesabu kumi na mbili. Nikasikia mtu nyuma yangu akiguna. Kisha matone yakaanza kuachana, likaja moja, likakawia jingine, na baadaye hakuna lililokuja tena. Pete zilikuwa zimezoeana.

Mmoja wa wanawake akauliza, "Ndiyo imepona?"

"Imepona, mama."

"Basi kijito kitasafika lini?"

Nikamwambia siku mbili tatu. Akasema watateka maji ya kijito juu ya korona mpaka hapo, wakaondoka na madebe yao, na huo ndio ulikuwa mwisho wa shukrani. Sikutaka zaidi.

Fundi aliporudi alikuwa amekonda. Nyumba alikuwa ameimaliza kuta na paa, mlango bado. Alisema mke wake alilia siku ya kuuacha mji wao wa zamani, kisha siku ya tatu akagundua kwamba sasa ana jirani wa kuombana chumvi, akanyamaza. Nilimweleza yaliyotokea. Alisikiliza mpaka mwisho, akaomba aione pampu, akateremka, akaweka kiganja. Kisha akaenda ofisini kwa meneja. Nilimfuata mpaka mlangoni.

"Bwana," nilimsikia akisema, "macho yangu ya karibu hayafanyi kazi. Ni muda sasa. Zile sili mbili niliziharibu mimi. Na zilizokaa baada ya hizo, aliyezifunga ni yule binti wa stoo."

Nikasikia kiti cha meneja kikisogea. Nikadhani sasa anafukuzwa.

"Kwa nini unaniambia leo?" meneja akauliza.

"Kwa sababu leo kuna mtu wa kuishika kazi. Zamani hakuwepo."

Meneja hakumfukuza. Alimwandikia barua ya kwenda hospitali Tanga, na akaandika nyingine, fupi, kwamba kuanzia mwezi ule mimi ni fundi msaidizi wa pampu. Fundi alirudi kutoka Tanga amevaa miwani yenye fremu nyeusi nzito. Alikuja moja kwa moja stoo, akasimama mbele yangu, akanikagua uso kama anayekagua beringi.

"Kumbe una madoadoa puani," akasema. "Siku zote nilidhani ni vumbi la stoo."

Tulifanya kazi pamoja miaka minne zaidi. Aliona vizuri sasa, lakini hakuchukua tena sili mikononi. Alisema amezoea kukaa kwenye ndoo na kutoa amri. Alipostaafu alirudi Kang'ata, na msimu wa kwanza wa mvua nilikwenda kumtembelea kwa lori lililokwama mara mbili topeni. Nyumba ilikuwa na mlango. Mke wake, ambaye sikuwahi kumwona, alitoka jikoni na unga mikononi, akanitazama toka juu mpaka chini.

"Ndiye huyu Msambaa?"

"Ndiye," fundi akasema.

"Nilidhani ni mkubwa," akasema mama yule, akanishika mkono kwa unga wote ule, akaniingiza ndani.

Nilikaa siku tatu. Tulipalilia mahindi, tukabishana kama kawaida, na hakuna aliyetaja pampu isipokuwa mimi, naye alinijibu kwa adabu kama mtu anayeulizwa habari za ndugu wa mbali. Siku ya kuondoka, wote wawili walinisindikiza barabarani. Lori lilipofika, lilikuwa limejaa magunia na watu, na utingo akanionyesha mahali pa kupanda nyuma. Mzee akamwendea dereva.

"Huyu anakaa mbele na wewe," akasema. "Ni fundi."

Dereva akanitazama, akamtazama mzee. Kisha akamwambia abiria wake wa mbele asogee.